Barua kwa Kadzo, kutoka Lewes

Kadzo wangu,

Hujambo? Mama hajambo? Sisi huku Uingereza tu wazima. Jana Jumapili nilishinda nimepiga magoti kwenye majani nikitazama vipepeo, nikawa nakuwaza wewe na viwavi vya vipepeo unavyofuga.

Nyuma ya mji wetu kuna kilima, Malling Down. Chini ya nyasi ni chaki tupu, nyeupe pepepe kama ile ya ubaoni. Udongo juu yake ni mwembamba, jua likiupiga unapata moto upesi. Tulipofika kulikuwa na mawingu, hata kipepeo mmoja hatukumwona. Jua lilipotoka tu, wakainuka kutoka kwenye nyasi: wa buluu, Kadzo! Nimetafuta cha kuwafananisha nacho, nimekosa. Bahari ya Watamu haiifikii rangi ile. Wanamwita Adonis Blue. Dume ndiye wa buluu, jike ni wa kahawia. Ukingo wa mbawa ni mweupe, umekatwakatwa na vistari vyeusi.

Kiwavi wake hula mmea mmoja tu, jamii ya kunde, mfupi, maua ya njano, maganda yamepinda kama kiatu cha farasi. Na ajabu ni hii: sisimizi wanamlinda! Anawatolea majimaji matamu mwilini, nao usiku humfukia kwa udongo. Wewe huko asubuhi kazi ya kwanza ni kuwafukuza sisimizi wasikumalizie viwavi.

Lililonishangaza zaidi ni hili. Kwetu Gede tumekua tukiambiwa msitu usiguswe, na kweli, bila msitu wa Arabuko-Sokoke ungepata wapi mapupa, viwavi vilivyojifunga kabla ya kuwa vipepeo, ya kuuza? Huku vipepeo hawa wanataka majani yaliwe mpaka chini. Mwaka 1953 uliingia ugonjwa wa sungura, wakafa kwa wingi mno. Nyasi zikarefuka, kivuli kikapoza udongo, na huyu wa buluu akatoweka kwenye vilima vingi. Sasa kondoo hupelekwa makusudi wakale. Niliwaona wamelala chini ya uzio, nikawashukuru kwa Kigiriama.

Picha nitakutumia, ingawa rangi haikutoka sawasawa. Nawe nieleze: masika yamekuwaje? Ndizi za mitego zinanasa vipepeo? Na yule mweusi mwenye madoa ya kijani uliyekuwa ukimtafuta mwaka jana, umempata?

Wako,
Sidi