Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka wa Kusomeana

Wazee wetu walezi wa chama chetu cha waandishi, ndugu wanachama, na wageni mliokuja kutusikiliza,

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tena hapa Tanga tukiwa wazima. Naomba kwanza tuwakumbuke wenzetu waliotangulia mbele ya haki mwaka huu, tuwaombee kila mtu kwa imani yake. Hesabu za chama atazisoma mweka hazina, na orodha ya wanachama wapya anayo katibu. Muda wangu nitautumia kueleza jambo moja ambalo kamati yenu ililisimamia tangu mkutano uliopita: kila mwanachama awe na mtu wa kumsomea kazi yake kwa sauti kabla haijafika kwa mchapishaji, kwa mhariri wa gazeti au mezani kwa waamuzi wa shindano.

Huko nyuma tulikuwa tukialika wageni watupe mada. Tuliwasikiliza, tukapiga makofi, tukanywa chai, na miswada yetu ikabaki vilevile. Mada nzuri humtia mtu ari kwa siku chache, lakini haimwonyeshi ni wapi katika ukurasa wake msomaji atachoka. Ndiyo maana kamati ilipunguza mada na kuongeza vikao vya Jumamosi baada ya alasiri. Baadhi yenu mliniambia waziwazi kwamba chama kisicho na wageni mashuhuri kitapoa. Niliwasikiliza, na leo baada ya kuona kazi zilizopita kwenye vikao vile, bado nasimama na uamuzi wetu.

Vikao vya Jumamosi

Kwa wale ambao hamjahudhuria, utaratibu ni huu. Mwandishi haisomi kazi yake mwenyewe. Anampa mwenzake, ambaye hajaiona kabla, aisome kwa sauti. Yeye anakaa na nakala yake na kalamu, anafuatilia. Kila msomaji anapojikwaa, anaporudia neno, anapokosa pumzi katikati ya sentensi, mwandishi anatia alama pembeni. Tulichagua njia hii kwa sababu mwandishi akijisomea mwenyewe sauti yake huyaziba mashimo: anajua alichokusudia, basi anapandisha na kushusha sauti mahali panapofaa, na wasikilizaji hawagundui kwamba maana hiyo iko kichwani mwake tu na kwenye karatasi haipo.

Kusoma kukiisha, wasikilizaji wanaeleza kwanza walichokiona na walichokisikia. Nani alikuwa anazungumza? Tuko wapi? Wapi tulipotea? Sifa na lawama zinasubiri, na mwandishi haruhusiwi kujitetea. Sharti hilo la kunyamaza ndilo lililowasumbua wengi, nami sitalilegeza. Mwandishi akishaanza kueleza, kikao kinaanza kusikiliza maelezo, na mswada unasahaulika. Kitabu kikishatoka hatakuwepo kwenye kila nyumba kumweleza msomaji alichotaka kusema.

Baadhi ya vijana waliuliza kwa nini tung'ang'anie kusoma kwa sauti wakati watu siku hizi wanasoma kimyakimya kwenye simu. Jibu langu ni kwamba lugha yetu ilipikwa masikioni. Anayetunga utenzi anajua kila kipande kina mizani 8, yaani silabi nane, vipande vinne vinafanya ubeti, vitatu vya mwanzo vinaishia kwa kina kimoja, yaani sauti ile ile ya mwisho, na cha nne kinabeba bahari, kina kinachojirudia katika kila ubeti hadi mwisho wa utenzi. Msikilizaji aliyezoea hahitaji kuhesabu kwa vidole; mizani moja ikipungua, anashtuka. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, yaliendelea kuishi midomoni mwa watu kwa miaka mingi, hata Mwalimu Sikujua bin Abdallah akashirikiana na mmishonari Mwingereza William Taylor kuyaandika na kuyahifadhi. Shairi lisilotamkika lisingefika huko. Nathari, yaani maandishi yasiyo ya shairi, haina mizani ya kuhesabu, lakini ina pumzi, na sentensi inayomkata pumzi anayeisoma kwa sauti itamchosha hata yule anayeisoma moyoni.

Kukata, na kujua unachokisema

Sehemu hii nitaikalia kwa kirefu, maana ndiyo iliyotuletea faida kubwa kuliko zote.

Tumekulia katika lugha ya hotuba na taarifa za habari. Si aibu, lakini imetuzoesha kuandika maneno mengi yanayobeba kidogo. Kwenye kikao kimoja cha kiangazi tulichukua sentensi ya mfano, ya aina ambayo sote tumeisikia redioni: "Katika hali isiyo ya kawaida, majira ya jioni siku ya jana kulitokea tukio la moto ambalo lilipelekea uharibifu mkubwa wa mali, ambapo wananchi walijitokeza kwa wingi katika kuhakikisha kwamba moto huo unadhibitiwa." Tukaulizana: kimeungua nini? Cha nani? Wapi? Watu walifanya nini hasa? Hakuna aliyeweza kujibu, kwa sababu sentensi yenyewe haijui. Kisha tukaiandika upya: "Jana jioni moto uliteketeza vibanda vitatu vya mama ntilie karibu na stendi. Majirani waliuzima kwa mchanga na ndoo za maji."

Tazameni kilichotokea. Maneno yamepungua na habari imeongezeka. Tena, anayeandika "vibanda vitatu" lazima awe amekwenda kuviona au amepiga simu kuuliza. Kuandika "uharibifu mkubwa wa mali" hakuhitaji kumuuliza mtu yeyote. Kwa hiyo ninapowahimiza mkate maneno, sitafuti ufupi kwa ajili ya ufupi. Maneno ya kujaza nafasi mara nyingi yamekaa pale ambapo mwandishi hajui jambo, na ukiyaondoa utaliona pengo, nawe utalazimika kwenda kulitafutia habari.

Wanachama watatu waliokuwa wakiandika makala za magazeti waliichukua kazi hii kwa moyo. Walianza kukagua kila "kuweza": "aliweza kufika" wakaifanya "alifika". Walikagua kila "suala la", kwa kuwa "suala la elimu" mara nyingi ni elimu tu. Walikagua "ambaye" na "ambacho" zinazofuatana kama mabehewa, wakaona kwamba kirejeshi kifupi kinatosha: "mtoto ambaye alikuja" ni "mtoto aliyekuja". Hayo ni madogo, lakini katika makala ya ukurasa mmoja yanaokoa aya nzima, na aya hiyo unaweza kuijaza kitu cha maana.

Nina ombi maalumu kuhusu methali. Miswada mingi iliyoletwa ilifunguliwa kwa methali na kufungwa kwa methali. Nazipenda methali zetu na nimelelewa nazo. Lakini msomaji aliyekutana na methali hiyo hiyo mara mia haisomi tena, macho yake yanairuka. Iacheni imtoke mhusika pale inapomfaa, na hasa pale anapoitumia kumkwepa mtu au kumpasha. Hapo itakuwa hai.

Na wahusika wetu, ndugu zangu, waacheni wazungumze kama wanavyozungumza. Mvuvi wa Pangani, mwanamke kutoka Wete na mwanafunzi wa chuo kule Dodoma hawasemi Kiswahili kimoja. Msimuliaji anaweza kushika Kiswahili sanifu. Wahusika wasilazimishwe wote kuongea kama wanasoma taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Unamwandikia nani?

Swali hili tulilibandika ukutani pale tunapokutania. Wengi walijibu "jamii" au "Watanzania wote". Nikawakumbusha habari ya Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, katika kisiwa cha Pate. Karibu na mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alitunga utenzi wa beti mia na kidogo kwa ajili ya binti yake. Anaanza kwa kumwita akae mbele yake na wino na karatasi. Alikuwa na msikilizaji mmoja, jina lake analijua, tabia zake anazijua, anajua hata mambo gani ya nyumbani binti huyo anahitaji kuelezwa. Ni humo humo, akielekea mwisho, ndipo anapowaalika wanawake wengine nao wausome. Leo tunaweza kujadili sana mafunzo yake kuhusu ndoa, na wanachama wetu wanawake wamefanya hivyo kwa ukali unaostahili. Lakini kama ufundi, utenzi ule umevuka miaka zaidi ya 160 kwa sababu kila ubeti una mtu wa kuambiwa.

Mwalimu wa sekondari aliyekuwa akiandika kitabu cha afya kwa vijana alikwama kwa miezi. Kikao kilimshauri amwandikie mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili anayekaa dawati la nyuma na anayeona haya kuuliza. Sura iliyofuata ilikuja na lugha tofauti kabisa. Maneno ya kitaalamu yalielezwa pale yalipotokea, mifano ikatoka bwenini na kwenye daladala, na maswali yakaulizwa vile mtoto yule angeyauliza.

Muda, simu na nakala

Malalamiko niliyoyapokea zaidi ni ya muda. Wengi wetu ni walimu, wauguzi, wafanyabiashara, wakulima, na vijana wa bodaboda. Nawajibu kwa mfano wa mtu wa hapa hapa kwetu. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, alikuwa karani wa serikali ya kikoloni karibu maisha yake yote ya kazi: forodhani, idara ya wanyamapori, ofisi ya upimaji. Alifariki mwaka 1962 akiwa ameacha zaidi ya vitabu 20. Hakungoja kustaafu ndipo aanze. Nusu saa inayojirudia kila siku, kabla watoto hawajaamka au baada ya isha, ina thamani kuliko Jumapili nzima inayosubiriwa na isiyofika. Na mkiacha, acheni pale mnapoijua sentensi inayofuata, ili kesho msianze kwa kukodolea macho karatasi tupu.

Wanaoandika kwenye simu, zimeni kile kisahihishi kinachobadilisha maneno ya Kiswahili kuwa ya Kiingereza. Kimeharibu miswada ya watu wazima humu ndani. Kila jioni jitumieni nakala kwa barua pepe. Simu huibwa, huanguka majini, na mwanachama mmoja alipoteza nusu ya riwaya yake mwaka huu kwa sababu hiyo. Tunampa pole, na wenzake wanamsaidia kukumbuka sura walizowahi kumsomea, jambo ambalo sikulitarajia kabisa kutoka kwenye vikao vyetu.

Mashindano na mikataba

Wanachama kadhaa wanajiandaa kwa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa tarehe 13 Aprili 2023. Wengine wanaitazama Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 na inayopokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Shauri langu ni fupi: someni masharti ya mwaka husika kabla ya kuandika, tena mara ya pili kabla ya kutuma. Na msiandike kwa kubahatisha waamuzi wanapenda nini. Kazi iliyoandikwa kwa kubahatisha hujulikana tangu ukurasa wa kwanza.

Kuhusu mikataba, msitie saini siku mnayopewa mkataba. Nendeni nao nyumbani, muangalie asilimia ya mrabaha, yaani malipo ya mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, muda wa mkataba, na nani anabaki na haki ya tafsiri, filamu na matoleo ya sauti. Pasipoeleweka, ulizeni Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Katibu atawasaidia wanaohitaji kuandika barua.

Mwaka unaokuja

Kamati inaleta mbele yenu mapendekezo mawili ya kupigiwa kura. La kwanza, vikao vya Jumamosi vigawanywe, kimoja cha ushairi na kimoja cha nathari, kwa kuwa washairi wamekuwa wakisubiri sana zamu yao, na malalamiko yao ni ya haki. La pili, kila mwanachama anayetaka chama kimwandikie barua ya utambulisho kwa mchapishaji awe amepitisha mswada wake kikaoni angalau mara mbili, na baina ya mara hizo awe ameuandika upya. Najua hili la pili litawaudhi baadhi ya wanachama wa siku nyingi. Wao ndio hasa ningependa kuwasikia wakisomewa, kwa sababu vijana wanajifunza zaidi wakimwona mkubwa wao akitia alama pembeni ya ukurasa wake mwenyewe.

Nawashukuru wajumbe wa kamati, akina mama waliotuandalia chai bila kudai chochote, na mwenye ukumbi aliyetuvumilia hata tulipopitiliza magharibi. Daftari la zamu za kusomewa kwa miezi mitatu ya mwanzo liko kwa katibu, pale mlangoni. Nafasi za mwezi wa kwanza bado ziko wazi. Jiandikisheni kabla hatujaingia kwenye kura.