Sifuri ya ushuru haiji yenyewe

Mhariri,

Uingereza ilijitoa Umoja wa Ulaya Januari 31, 2020, na kipindi cha mpito kikaisha Desemba 31 mwaka uleule. Tangu hapo kila inapotia saini mkataba wa biashara magazeti yetu, hili likiwamo, huuongeza kwenye orodha kama mtu anayehesabu magoli: Japani, Australia, New Zealand, nchi za Pasifiki, India. Kuhesabu mikataba si kosa, ila mikataba haihesabiki kama masoko. Sisi tunaoshinda na nyaraka za forodha tunaona kila siku kwamba ushuru unaondolewa kwa mzigo, mmoja mmoja, baada ya kuthibitishwa ulizaliwa wapi na ulipita wapi. Mzigo usio na uthibitisho hulipa ushuru kamili hata kama marais wawili walipeana mikono mbele ya kamera.

Hiyo orodha yenyewe inahitaji kuchambuliwa. Sehemu kubwa ya mikataba ya mwaka 2019 na 2020 ilikuwa ya Umoja wa Ulaya iliyobadilishwa jalada tu, masharti yakabaki yaleyale ili biashara isikatike. Mkataba na Kenya, uliotiwa saini Desemba 8, 2020 na kuanza kutumika Machi 2021, msingi wake ni andiko ambalo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kujadiliana na Umoja wa Ulaya. Kenya ilitangulia peke yake kwa sababu ndiyo iliyokuwa na cha kupoteza: majirani zake walihesabiwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni, na hao huingiza bidhaa bila ushuru, mkataba uwepo usiwepo.

Iliyoandikwa upya tangu mstari wa kwanza ni michache. Ya mwanzo ilikuwa ya Australia (Desemba 17, 2021) na New Zealand (Februari 28, 2022), na yote miwili ilianza kutumika Mei 31, 2023. Kisha ukaja mkataba wa nchi za Pasifiki, CPTPP, ambao Uingereza ilitia saini kujiunga nao mjini Auckland Julai 16, 2023 na ukaanza kutumika kwake Desemba 15, 2024. Una wanachama 11 wa awali, lakini 9 kati yao walikuwa tayari wana mkataba na Uingereza. Wageni wa kweli walikuwa wawili, Malaysia na Brunei. Makadirio ya serikali ya Uingereza yenyewe yalisema mkataba wa Australia utaongeza pato la taifa kwa asilimia 0.08 kufikia 2035, na ule wa Pasifiki asilimia 0.06 baada ya miaka mingi. Upande wa pili wa mizani, ofisi huru ya makadirio ya bajeti ya nchi hiyo inakadiria kwamba kujitoa Ulaya kutapunguza tija ya uchumi kwa asilimia 4 katika muda mrefu. Tarakimu hizi hazihitaji mchumi wa kuzitafsiri.

Wa India, uliotiwa saini Julai 24, 2025, una uzito zaidi: wiski ya Uskoti iliyokuwa ikitozwa asilimia 150 inashuka hadi 75 mara mkataba unapoanza kutumika, kisha 40 ifikapo mwaka wa kumi. Makubaliano na Marekani ya Mei 8, 2025 tuyaache kando. Yanapanga mgawo wa magari 100,000 kwa mwaka kwa ushuru wa asilimia 10 na mambo mengine machache. Si mkataba kamili wa biashara huria, na anayeyaita hivyo anawapotosha wasomaji.

Tuingie jikoni sasa. Ndani ya umoja wa forodha hakuna anayeuliza shati limeshonwa wapi likivuka kutoka nchi moja kwenda nyingine, kwa kuwa ushuru ulilipwa, au ulisamehewa, kwenye mlango wa kwanza. Ukitoka kwenye umoja, hata ukisaini mkataba wa "ushuru sifuri", swali la uasili, yaani bidhaa ilizaliwa wapi, linarudi kila mpakani. Chukua shati la pamba lililoshonwa Bangladesh. Linaingia Uingereza bila ushuru kwa upendeleo wa nchi maskini. Linatandazwa ghalani, linatiwa lebo na mfuko mpya, kisha linauzwa Ufaransa. Mfanyabiashara anadhani sifuri kuongeza sifuri ni sifuri. Forodha ya Ufaransa inamtoza asilimia 12. Lebo na mfuko havilifanyi shati kuwa la Kiingereza, na upendeleo ambao Ulaya huipa Bangladesh umepotea shati lilipoingizwa sokoni Uingereza. Shati hilohilo likitoka Bangladesh moja kwa moja hadi bandari ya Le Havre, Ufaransa, halilipi kitu. Ndiyo maana wauzaji wengi walihamishia maghala yao Uholanzi au Ujerumani mwaka 2021 badala ya kusubiri mkataba mwingine.

Kwa bidhaa za kiwandani tatizo liko kwenye vipuri. Mkataba wa Uingereza na Umoja wa Ulaya unaruhusu pande hizo mbili kuhesabu vipuri vya mwenzake kama vyake, basi. Vya nchi ya tatu havihesabiwi. Gari la umeme linaweza kuwa na hadi asilimia 60 ya thamani yake kutoka nje ya pande hizo, lakini ni mpaka Desemba 31, 2026 tu. Kuanzia 2027 kiwango kinashuka hadi asilimia 45 na betri yenyewe lazima iwe na uasili wa humo. Likikosa, ushuru ni asilimia 10. Tarehe hiyo ilisogezwa mbele Desemba 2023, siku chache kabla sharti kali halijaanza, kwa kuwa viwanda vya betri vilikuwa havijawa tayari.

Japani ilikuwa na moyo mpana zaidi: ilikubali kwamba kipuri cha Ujerumani ndani ya mashine ya Kiingereza kihesabiwe kama cha Uingereza. Kanada nayo ilikubali, kwa muda. Muda huo ulikwisha Machi 31, 2024, na mazungumzo ya mkataba mpya yalikuwa yamekwama tangu Januari. Jibini la Uingereza lilitangulia kuumia. Nafasi lililokuwa nayo ndani ya mgawo wa ushuru nafuu ilifungwa mwisho wa 2023, na nje ya mgawo Kanada hutoza jibini asilimia 245. Hakuna aliyevunja mkataba. Barua ya nyongeza iliyobeba nafasi hiyo iliisha muda, na barua za nyongeza ndizo watu wasizosoma.

Tuje kwa msomaji anayesafirisha maua, mishiri (maharagwe mabichi ya kijani) au parachichi kutoka Kenya, maana huyu ndiye anayetupigia simu mzigo ukiwa tayari umekwama. Zamani ndege ilitua Uholanzi, ushuru ukamalizwa pale, na sehemu ya mzigo ikavuka bahari kwa lori bila kuulizwa. Leo masoko ni mawili, kwa hiyo uamuzi hufanywa kabla ya kufunga maboksi: yapi yanabaki Ulaya, yapi yanaendelea. Cheti cha EUR.1, ndicho cheti cha uasili, kinataja mkataba unaoombwa na nchi ya mwisho, na chenye kutaja Umoja wa Ulaya hakifai Uingereza hata kikiwa na muhuri safi kiasi gani. Mzigo wa sehemu mbili unahitaji vyeti viwili, ankara mbili na orodha mbili za maboksi.

Mzigo unaokwenda Uingereza kupitia Uholanzi lazima ubaki chini ya ulinzi wa forodha njia nzima. Unaruhusiwa kushushwa, kupakiwa upya na kuhifadhiwa usiharibike. Hauruhusiwi kulipiwa na kuachiwa sokoni kule. Uthibitisho wake ni hati moja ya usafirishaji inayofunika safari yote tangu Nairobi hadi mwisho, au cheti cha forodha ya nchi ya kupitia kinachoeleza bidhaa, tarehe za kushushwa na kupakiwa, chombo kilichotumika na hali ya mzigo ulipokuwa pale. Wengi hukwama hapa. Kila kampuni njiani hutoa hati yake, mnyororo unakatika katikati, na hakuna karatasi inayosema kwamba boksi lililotua ndilo lililovuka.

Hasara yake si ya kubahatisha. Ushuru wa kawaida wa maua yaliyokatwa nchini Uingereza ni asilimia 8. Maua ya pauni 10,000 yakikosa uthibitisho hudaiwa pauni 800, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 hukokotolewa juu ya jumla, kwa hiyo pauni 160 nyingine zinatoka mfukoni hata kama mwagizaji atazidai baadaye. Shida ilikuwa kubwa kiasi kwamba Uingereza yenyewe iliusimamisha ushuru huo kuanzia Aprili 11, 2024 hadi Juni 30, 2026, ili hata maua yaliyopitia mnada wa Uholanzi yaingie bure. Hebu fikiria: mkataba wa sifuri ulikuwapo tangu 2021, lakini iliyokuja kuwasaidia wakulima ni nafuu ya muda ambayo haikuulizia cheti. Aliyezoea raha hiyo akaacha kutunza nyaraka zake anajitafutia balaa, kwani nafuu ya muda ina tarehe ya mwisho.

EUR.1 yenyewe hukataliwa kwa makosa madogo ya kuudhi. Maelezo ya bidhaa kwenye cheti hayalingani na ya ankara. Mstari haukuchorwa chini ya bidhaa ya mwisho, au nafasi iliyobaki haikukatwa kwa kalamu, na afisa ana haki ya kushuku kwamba kuna kitu kingeweza kuongezwa. Neno limefutwa kwa wino mweupe. Sharti ni kulikata, kuandika sahihi pembeni na kuidhinishwa na forodha iliyotoa cheti. Mzigo ukishaondoka bila cheti si mwisho wa dunia, kwani kinaweza kutolewa baadaye kikiwa kimeandikwa hivyo juu yake, na mwagizaji akadai kurejeshewa ushuru. Lakini pesa hizo hukaa forodhani kwa miezi.

Wasafirishaji wa Uganda na Tanzania wasinakili utaratibu wa Kenya. Wao hutumia mpango wa upendeleo kwa nchi zinazoendelea ulioanza Juni 19, 2023, na uthibitisho wake ni tamko la uasili kwenye ankara au Fomu A. Kwenye tamko la forodha la Uingereza mwagizaji wao huweka namba ya upendeleo 200, wakati wa Kenya huweka 300. Tarakimu moja ikikosewa, dai linakwenda kwenye mpango usiowahusu. Na kwa chai nyeusi na kahawa mbichi, msihangaike: ushuru wa kawaida wa Uingereza ni sifuri kwa nchi zote, kwa hiyo gharama ya cheti cha uasili ni pesa za kupoteza bure.

Ushuru ukishamalizwa kuna afya ya mimea. Cheti cha wakaguzi wa mimea kinatajwa kwa nchi inayopokea, na mwagizaji lazima atoe taarifa kwenye mfumo wa Uingereza wa IPAFFS kabla mzigo haujafika, angalau saa 4 za kazi kwa mzigo wa ndege. Umoja wa Ulaya una mfumo wake mwingine, TRACES. Viwango vya mabaki ya viuatilifu navyo vimeanza kuachana tangu Januari 1, 2021, kwa sababu kila upande huamua peke yake. Mkulima anayepulizia dawa kwa kufuata jedwali la Ulaya anaweza kuwa sawa Rotterdam na kukataliwa London, au kinyume chake. Dawa ya kuepuka hilo ni kuchukua kiwango kikali kati ya viwili kwa kila kiuatilifu na kukibandika ukutani kwenye banda la kupakia. Katika mkutano wa Mei 19, 2025 Uingereza na Umoja wa Ulaya walikubaliana kutafuta mpango wa pamoja wa afya ya mimea na wanyama, jambo ambalo halikupewa nafasi kubwa kurasani kama ya India. Kwa muuza mishiri lina maana kuliko mkataba wote wa Pasifiki.

Na kabla hamjaandika tena "soko la Uingereza" kana kwamba ni moja, kumbukeni Ireland ya Kaskazini. Chini ya Mfumo wa Windsor uliokubaliwa Februari 27, 2023, eneo hilo bado linafuata kanuni nyingi za bidhaa za Umoja wa Ulaya. Boksi la maua kwa mteja wa Belfast si sawa na la Liverpool, ingawa pesa ni zilezile na ankara ina bendera ileile. Anayeuza huko amuulize mteja kabla ya kukata cheti: je, boksi litabaki Belfast, au litavuka kwenda Dublin, ndani ya Umoja wa Ulaya?

Wasomaji wenu,
mawakala wa forodha