Risala ya Chama cha Kiswahili kwa Mgeni Rasmi: Jenerali Aliyekitoa Kiswahili Kambini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi, na wanafunzi wenzetu,

Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tunakukaribisha kwa furaha hapa Gulu, kaskazini mwa Uganda, katika Siku ya Kiswahili Duniani. Mwaka huu tumeamua kumuenzi Joaquim Chissano, Rais mstaafu wa Msumbiji.

Mheshimiwa, baadhi ya bibi zetu hawapendi kutusikia tukiongea Kiswahili nyumbani. Kwao ni lugha ya askari wa kizuizi cha barabarani wakati wa vita: "Simama! Toa kitambulisho! Kaa chini!" Mwenzetu mmoja alipokuwa akikariri shairi jikoni, bibi yake aliacha mwiko chunguni, akatazama mlangoni kwanza, ndipo akamwambia apunguze sauti. Hatuwalaumu. Waliyoyaona ni mazito.

Chissano naye alikulia kisiasa katika vita. Alizaliwa mwaka 1939 huko Malehice, mkoani Gaza, akawa miongoni mwa waasisi wa Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, mwaka 1962. Wapigania uhuru hao walikuwa na makao yao Dar es Salaam na kambi Kongwa na Nachingwea, zote nchini Tanzania, na yeye akasimamia usalama wa chama. Baadaye alipewa cheo cha Meja Jenerali. Rais Samora Machel alipofariki katika ajali ya ndege Oktoba 1986, Chissano alirithi nchi iliyokuwa ikiungua. Tarehe 4 Oktoba 1992, mjini Roma, alitia saini mkataba wa amani na Afonso Dhlakama, kiongozi wa waasi wa Renamo, aliyepigana naye kwa miaka mingi. Mwaka 2005 akaachia madaraka, ilhali katiba ilimruhusu kugombea tena.

Mwaka 2004, katika mkutano wa wakuu wa Umoja wa Afrika jijini Addis Ababa, alisimama akahutubia kwa Kiswahili. Wakalimani wakahaha, maana hawakuwa wamejiandaa. Lugha ya kambini ikasikika katika ukumbi wa bara zima!

Kisha akaja kwetu. Desemba 2006 Umoja wa Mataifa ulimteua kuwa mjumbe maalumu wa kushughulikia vita vya LRA, kundi la waasi lililoongozwa na Joseph Kony. Wapo wasemao kwamba mazungumzo ya amani ya Juba, kati ya serikali ya Uganda na LRA, yalishindwa, kwa kuwa Kony hakutokea kutia saini Aprili 2008. Sisi hatukubali. Bunduki ziliponyamaza huku kwetu, wazazi walioketi hapa walianza kutoka katika kambi za wakimbizi wa ndani na majembe na mikeka yao, wakarudi kufyeka viwanja vilivyokuwa vimemezwa na nyasi. Watoto waliokuwa wakitembea kila jioni kuja kulala kwenye baraza za maduka ya mji huu wakalala kwao. Oktoba 2007, siku alipotimiza miaka 68, Chissano alitangazwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Mo Ibrahim ya uongozi bora Afrika. Hakuwa ukumbini kushangiliwa. Alikuwa kwenye kazi hii ya amani yetu.

Mheshimiwa, kamusi tuliyo nayo ni moja na jalada lake limeng'oka. Tunaomba kamusi, vitabu vya fasihi, na mwalimu wa pili wa Kiswahili.

Ombi la mwisho halina gharama. Ukimaliza kuhutubia, tafadhali wasogelee bibi zetu walioketi safu ya mbele, uwasalimie kwa Kiswahili, polepole. Bibi wa yule mwenzetu amekuja. Ndiye aliyejitanda kitenge cha kijani.

Tunaomba kuwasilisha.