Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha wapenzi wa filamu, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka unaokwisha, ambao, kama mlivyoazimia katika mkutano mkuu uliopita, tuliutumia karibu wote kuchunguza namna wahakiki walivyoipokea Dance Flick, kichekesho cha ukoo wa Wayans, wachekeshaji wa Kimarekani, kilichotoka Marekani Mei 2009 kikizidhihaki filamu za dansi. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Filamu hiyo, iliyoongozwa na Damien Dante Wayans, haikupokewa vizuri. Katika tovuti ya Rotten Tomatoes, inayokusanya maoni ya wahakiki, wahakiki walioisifu hawafiki 20 kwa kila 100. Hata hivyo, tulipozisoma tahakiki zenyewe tuliona kuwa wengi hawakuwa wakiihukumu peke yake, kwani kati ya 2006 na 2008 watengenezaji wa filamu Jason Friedberg na Aaron Seltzer walikuwa wametoa Date Movie, Epic Movie, Meet the Spartans na Disaster Movie, zote vichekesho vya kudhihaki filamu nyingine, moja baada ya nyingine, na wahakiki walikuwa wamekwisha kuchoshwa na utanzu huu kabla akina Wayans hawajabisha hodi. Wapo waliokiri kwamba hii ina nafuu kuliko hizo, lakini wakainyima alama vilevile. Naona hukumu hiyo ni ya haki nusu tu. Mzaha juu ya unene wa Sugar Bear, anayeigizwa na David Alan Grier, unarudiwa mpaka unakinaisha, na hapo siwatetei watunzi wake.

Jambo lililotufunza zaidi lilitokea ukumbini. Tulionyesha kwanza mwanzo wa Save the Last Dance ya 2001, ambamo binti yuko kwenye usaili wa dansi huku mama yake akifa katika ajali ya gari akiwahi kumtazama, kisha tukaonyesha tukio hilohilo katika Dance Flick, ambamo ajali inarefushwa kwa makusudi. Wanachama waliochelewa, ambao hawakuiona ile ya kwanza, walicheka gari lilipogongwa, lakini waliowahi walianza kucheka mapema, gari lilipotokea tu barabarani, kwa sababu walikuwa wakikisubiri kilio walichokwisha kukililia. Mhakiki asiyeijua filamu inayodhihakiwa huhesabu mapigo ya ajali tu, na nusu ya mzaha humpita.

Kwa sababu hiyo, kamati inapendekeza kwamba kuanzia mwaka ujao mwanachama yeyote atakayeandikia jarida letu tahakiki ya kichekesho cha aina hii aitazame kwanza filamu inayodhihakiwa, tena aseme katika tahakiki yake kama uchezaji wa dansi wenyewe ni mzuri au mbaya, jambo ambalo sisi wenyewe tulilisahau katika tahakiki zetu 2 za mwanzo. Rasimu ya kanuni hiyo iko kwa katibu, nami nauomba mkutano huu uijadili na kuipigia kura.