Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kazi ya Kuandika Upya

Ndugu wanachama, assalaam aleikum.

Mwaka huu vikao vyetu vya kusomeana hadithi tunazoandika vimebadilika. Zamani hadithi ilisomwa mara moja, ikapigiwa makofi, ikafungiwa sandukuni. Sasa hurudi mezani mpaka rasimu ya tatu, na kamati inaamini huu ndio uamuzi bora tuliopitisha. Sababu watu wa Lamu wanaijua. Anayetunga utendi analindwa na mizani, yaani hesabu ya silabi: kila kipande mizani minane, na ukizidisha mmoja barazani watakukamata papo hapo. Nathari haina mlinzi huyo. Aya mbovu hupita kimya kimya, na haionekani mpaka uirudie kuiandika.

Rasimu ya kwanza iandikwe hadi mwisho bila kurudi nyuma. Hadithi ya maneno 2,000, kwa maneno 300 kwa siku, huisha ndani ya wiki moja. Wengi hukwamia ukurasa wa kwanza: wanaupiga msasa kila asubuhi na hadithi haisogei. Ikiisha, iwekwe kando wiki mbili. Ukiisoma mapema unasoma ulichokusudia, si ulichoandika.

Rasimu ya pili ni ya muundo tu. Kila tukio liandikiwe mstari mmoja: nani anataka nini, nani anamzuia, kimebadilika nini. Tukio lisilobadilisha kitu litolewe, hata likiwa na sentensi tamu. Ndiyo maana hatusahihishi tahajia katika hatua hii, kwani sentensi iliyokwisha kunyooshwa ni ngumu kuifuta. Mara nyingi aya mbili za mwanzo, zenye jua kuchomoza na nasaba ya ukoo, huondoka, na hadithi ikaanza pale mtu anapobisha hodi.

Rasimu ya tatu isomwe kwa sauti. Mhusika wa Mkomani, mtaa wa hapa Lamu, aliyesema “ndoo” kwa maana ya “njoo” ukurasa wa pili asiseme “njoo” ukurasa wa tano, ila akizungumza na mgeni. Tumekubaliana usimulizi uwe Kiswahili sanifu, na mazungumzo yawe Kiamu, lahaja ya Lamu, kwa anayekijua hasa. Kiamu cha kubabaisha msomaji wa hapa hukigundua kwa sentensi moja.

Hatua hii pia ndiyo ya kukagua mambo yenyewe. Katika hadithi za enzi za matanga, jahazi la Arabuni huja na upepo wa kaskazi, Desemba hadi Machi, na hurudi na ule wa kusi. Halitii nanga Lamu mwezi wa Julai likitokea huko. Mwezi mpevu huja na bamvua, maji yanayojaa na kupwa sana, si maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo. Maji yakijaa saa sita leo, kesho yatachelewa kwa dakika 50 hivi. Hadithi ya siku tatu ambayo maji yanajaa saa ile ile kila siku, mabaharia wetu hawataimaliza.

Kuhusu maoni: mwambieni mwenzenu mlipochoka na mlipopotea, msimwandikie sentensi zenu. Wasomaji wawili wakikwama mahali pamoja, hapo pana kasoro, hata kama dawa wanazotoa hazifanani. Lakini mwandishi asitii kila pendekezo. Hadithi iliyowaridhisha wote kikaoni kwa kawaida imeshapoteza sauti yake, na hilo tumeliona likitokea kwa kazi nzuri.

Wanaoandika kwenye simu huandika juu ya rasimu ya zamani na kuipoteza. Nakili faili kwanza, ipe tarehe, ndipo uanze. Aya iliyokatwa huenda ikahitajika tena.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Gharama kubwa bado ni karatasi na wino.

Kikao cha kwanza kitakuwa Jumamosi ya kwanza baada ya Idi. Kila mmoja alete nakala nne za rasimu ya tatu, zilizochapwa upande mmoja kwa mistari iliyoachana, pamoja na ile orodha ya matukio.