Barua ya wazi kwa wahandisi vijana wa tawi letu: Ile ndoo ya maji niliiona

Wanangu,

Nimeisoma taarifa yenu ya shughuli za mwaka, ukurasa kwa ukurasa. Picha ni nyingi na zimepangwa vizuri. Machi 4, Siku ya Uhandisi Duniani, mlikata keki. Mkafanya bonanza na wahasibu, mkapanda miti, mkasafiri pamoja kwenda kwenye Siku ya Wahandisi mkiwa na fulana za rangi moja, na wenzenu waliosajiliwa mwaka huu wakala kiapo chao mbele ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mwisho mkala chakula cha jioni cha kufunga mwaka. Sina ugomvi na keki wala bonanza. Watu wa kazi moja wanapaswa kufahamiana na kucheka pamoja, na nimefurahi kuwaona mkipendana.

Kilichoniuma ni ule ukurasa wa ziara ya saiti. Mmeandika kuwa yalikuwa mafunzo kwa vitendo kwenye jengo la ghorofa nne. Nilikuwepo. Mlivaa kofia ngumu na riflekta, mkajipanga mbele ya nguzo, mkapiga picha. Nyuma yenu, saa hiyohiyo, fundi aliyesimama kwenye mashine ya kuchanganyia zege alikuwa akimimina ndoo ya maji, kisha ndoo nyingine, kwa sababu vibarua walilalamika kuwa zege ni zito. Hakuna hata mmoja wenu aliyegeuza shingo. Nilipomsogelea fundi kumwuliza, alinijibu kwa adabu kabisa: "Mzee, likiwa zito haliingii katikati ya nondo." Fundi huyo hakuwa mjinga. Alikuwa na tatizo la kweli, akalitatua kwa njia aliyoijua, na kundi zima la watu waliosomea njia nyingine lilikuwa limempa mgongo.

Hesabu hii mnaijua, lakini nitairudia. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Ukitaka uwiano wa maji kwa saruji uwe nusu, mfuko huo unahitaji lita 25. Ndoo zetu za kawaida ni za lita 20. Ndoo mbili kwa mfuko mmoja ni lita 40, na uwiano umeshafika 0.8 kabla hujayahesabu maji yaliyomo kwenye mchanga uliolala nje na kunyeshewa usiku kucha. Saruji yenyewe inahitaji maji kama robo tu ya uzito wake ili ishikane. Yanayobaki hukauka na kuacha matundu ambayo macho hayayaoni, na nguvu ya zege huondoka nayo. Lipu ikishapigwa na rangi ikapakwa, nguzo hiyo itafanana na nguzo nyingine yoyote.

Kulijua zege kabla halijamwagwa hakuhitaji maabara kubwa. Ile koni ya chuma ya milimita 300 mliitumia chuoni: unaijaza kwa tabaka tatu, kila tabaka unalishindilia mara 25 kwa fimbo yake, unaivuta juu polepole, unapima zege limeshuka kiasi gani. Ni kazi ya dakika chache. Michemraba ya zege ya milimita 150 mnaijua pia, ile inayovunjwa siku ya 7 na siku ya 28 kupima nguvu yake. Nilimwuliza msimamizi wa saiti ile michemraba iko wapi. Akaninyooshea kidole kwenye kona ambako kalibu za kuitengenezea zilikuwa zimejaa maji ya mvua na majani. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo ya siku ile, wanangu. Mngemwonyesha yule fundi kwamba dawa ya zege zito ni vaibreta inayofanya kazi, ile mashine ya kulitikisa zege lijipange, kokoto zinazolingana na nafasi za nondo, na nondo zilizopangwa vizuri tangu kwenye mchoro, angewakumbuka kila anapochanganya zege.

Mnaniona nakuza jambo dogo? Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, Machi 29, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, lilianguka la Kariakoo, asubuhi ya Jumamosi, watu wakiwa madukani, wakafa zaidi ya 20. Kila jengo lina chanzo chake cha kuanguka na sisemi kuwa hayo mawili yaliangushwa na ndoo ya maji. Lakini baada ya Kariakoo tawi letu lilitoa salamu za rambirambi zenye nembo, na wiki iliyofuata hakuna aliyekwenda kutazama hata jengo moja la mji wetu. Ukurasa wa rambirambi nao umo kwenye taarifa, umehesabiwa kuwa shughuli.

Najua lawama si yenu peke yenu. Jamii yetu humlipa dalali wa kiwanja bila kunung'unika, lakini mhandisi akitaja gharama ya kupima udongo anaambiwa anataka kula hela. Mtu anajenga ghorofa kwa ramani aliyorithi kwa jirani. Shule zetu zinajengwa kwa fosi akaunti, yaani kamati na mafundi wa hapohapo badala ya mkandarasi, utaratibu ambao umeokoa fedha nyingi na mimi nauunga mkono, ila mhandisi wa halmashauri ni mmoja na saiti zimetawanyika vijiji vyote, kwa hiyo darasa linafika kwenye lenta hajalitia machoni. Kamati ya shule inafanya inavyoweza. Wajumbe wake ni wakulima na wavuvi, wanahesabu mifuko ya saruji kwa uaminifu, lakini nani amewaambia kuwa zege linahitaji kumwagiliwa maji siku saba baada ya kumwagwa, hasa kwenye jua letu hili?

Mengine nayataja tu. Anayekodisha muhuri wake kwa michoro ambayo hakuisoma aache, leo. Mabinti wasipewe ukatibu na mapokezi kila mwaka, wapewe saiti. Hesabu za fedha za tawi zisomwe mbele ya wanachama. Mikutano ianze kwa saa iliyotangazwa.

Na ninyi mnaosubiri ajira, au mlio kwenye ile miaka mitatu ya mafunzo kwa vitendo chini ya Bodi, nawaonea huruma. Wengine wenu mmewekwa ofisini mnatoa nakala za karatasi, kitabu chenu cha kumbukumbu za kazi kinajazwa kwa kubahatisha, na bosi anasaini bila kukifungua. Huo ni wizi wa ujana wenu. Msione haya kuja nyumbani kwangu na kitabu hicho, tukipitie pamoja.

Sasa ombi langu. Kabla kalenda ya mwaka ujao haijapitishwa, ingizeni humo shule sita za fosi akaunti katika wilaya yetu, kila moja ipewe wahandisi wawili, mmoja aliyesajiliwa na mmoja aliye mafunzoni. Waende siku ya kumwaga msingi, siku ya lenta, na siku ya kupandisha kenchi. Katibu amwandikie Mkurugenzi wa Halmashauri wiki hii kuomba kibali, na nakala apewe mhandisi wa halmashauri, asije akadhani tumekuja kumchunguza wakati tumekuja kumsaidia. Mweka hazina anunue koni mbili na kalibu za michemraba. Wakati zinatafutwa, koni yangu ipo, nimeshaisafisha, pamoja na fimbo yake. Shule ya kwanza ichaguliwe iliyo karibu, ambayo msingi haujamwagwa, na mnijulishe siku mapema. Njoeni na mabuti ya mvua na daftari.

Ni mimi, mzee wenu.