Chakula cha mgonjwa kipikwe kwa nyumba nzima

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana hili jambo huku kwetu Mbagala naliona kila siku na sioni likisemwa. Mtu akirudi hospitali kaambiwa ana presha au sukari, nyumbani anaanzishiwa kasufuria kake. Mchicha wake hauna chumvi, dona lake pembeni, anakula peke yake kama kaadhibiwa, na wengine wote wanaendelea na sufuria kubwa la siku zote, mchuzi una chumvi ya kutosha na bado kimetumbukizwa kile kiungo cha kipande ambacho nacho ni chumvi tupu, mafuta yanaelea juu. Halafu tunasema familia inamuuguza mgonjwa vizuri.

Mi naona hapo hatujamsaidia. Kwanza hatadumu, atavumilia wiki mbili tatu, siku ya pilau atachota kwenye sufuria kubwa na nani atamlaumu wakati harufu imejaa nyumba nzima. Na mpishi naye, mkaa wenyewe bei hii, kuna siku atachoka kupika mara mbili. Lakini linaloniuma zaidi ni kwamba presha na kisukari cha ukubwani vinatembea kwenye ukoo. Baba akiwa nayo, wale watoto waliozunguka sinia ndo walio kwenye hatari kuliko watoto ambao kwao hakuna mwenye ugonjwa huo. Yaani yule aliyekwisha kuugua tunampa chakula salama, hawa ambao bado tunaweza kuwakinga tunawaachia chumvi yao!

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai, na humo ndani imo ya kwenye mkate, chipsi na ng'onda. Mtoto apate pungufu ya hapo. Sasa hesabu mwenyewe: maharage yana yake, kachumbari ina yake, na kikopo kipo mezani mtu ananyunyizia hata hajaonja. (Sisemi chumvi iachwe kabisa, yenye madini joto inatukinga na goita, ila kidogo tu inatosha.) Ikipunguzwa pole pole kwa wote, wiki kadhaa ulimi unazoea, ndimu na tangawizi na kitunguu saumu vinabeba ladha vizuri tu.

Na wababa msikae kimya mkadhani hii ni barua ya akina mama. Baba ndo anarudi jioni na soda ya nusu lita kwenye mfuko, watoto wanamkimbilia, ni mapenzi sawa, lakini soda nyingi za ukubwa huo zina sukari inayokaribia gramu 50, na hicho ndo kiwango cha juu cha sukari ya kuongezwa kwa siku nzima kwa mtu mzima, seuze mtoto wa miaka 6 ambaye asubuhi kashanywa chai ya vijiko vitatu. Lete machungwa basi. Halafu baba huyo huyo ukimwambia akapime presha anakujibu mbona niko fiti, wakati presha kwa watu wengi haina dalili yoyote mpaka siku mdomo unapinda. Kupima ni dakika chache, mwende wote hata kama mgonjwa ni mmoja.

Dawa nayo ni kazi ya nyumba nzima. Ya presha sio kama mseto wa malaria, siku 3 umemaliza, hii unaendelea nayo hata ukijisikia mzima, na ndo hapo wengi wanaacha, bibi anasema kichwa hakiumi tena kwa hiyo kapona. Mjukuu wa darasa la tano anaweza kabisa kuwa mtu wa kuuliza kila jioni, bibi umekunywa dawa?

Ombi langu kwenu, ukurasa wenu wa afya kila siku unamwandikia mgonjwa, mgonjwa aepuke hiki, mgonjwa apunguze kile. Mwandikieni na anayepika. Tuleteeni mapishi ya watu nane, jiko moja la mkaa, hela ya dagaa na matembele, chumvi kidogo na bado mtu aombe kuongezewa.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam